Kuimba Peke Yako Mbele ya Watu

Mtu aimbaye katika kwaya hujificha kivulini mwa wenzake. Akipungukiwa na pumzi, jirani yake huendeleza sauti. Akisahau neno, midomo ya wengine humkumbusha. Lakini aitwapo kusimama peke yake na gitaa lake, kivuli hicho chaondoka. Moyo huenda mbio, kinywa hukauka, na vidole huwa baridi kana kwamba vimetolewa mtoni. Nataka kusema machache juu ya hofu hiyo, maana nimeishi nayo tangu nilipokuwa mwanafunzi wa shule ya misheni hata leo, nikiwa karani wa serikali mwenye miaka 36.

Kwanza yafaa tujue kwamba hofu hii si ugonjwa, wala si dalili ya kukosa kipawa. Mwili uonapo hatari, tezi mbili ndogo zilizo juu ya figo humwaga katika damu kitu kiitwacho adrenalini. Moyo hupiga kwa kasi, na damu huondoka katika ngozi na vidole ikaenda kwenye misuli mikubwa, ili mtu apate kupigana au kukimbia. Ni msaada mwema kwa aliyekutana na nyati njiani. Bali mpiga gitaa hawezi kupigana wala kukimbia. Basi nguvu hiyo humkalia mikononi ikamtetemesha.

Wala msomaji asidhani kwamba ni wanagenzi tu wapatwao na jambo hili. Pablo Casals, aliyekuwa bingwa wa fidla kubwa iitwayo selo, akafariki mwaka 1973 akiwa na miaka 96, alikiri kwamba hofu ya jukwaani haikumwacha maisha yake yote. Vladimir Horowitz, bingwa wa piano aliyesumbuliwa nayo pia, aliacha kupiga mbele ya umma mwaka 1953, asirudi mpaka mwaka 1965. Ikiwa hao walitetemeka, karani ni nani asitetemeke?

Wahenga walisema, "Kunguru mwoga hukimbiza bawa lake," na wako waifanyao methali hiyo kuwa ngao, wakakataa kila mwaliko. Lakini uko mwaliko usiokataliwa. Miaka michache iliyopita mwalimu wetu wa kwaya alifariki, na mjane wake akaniita. "Mwanangu," alisema, "marehemu alikufundisha gitaa kwa mkono wake. Wimbo wa mwisho kaburini sitaki kwaya. Nataka sauti moja, nipate kuyasikia maneno." Nikamjibu, "Naam, mama." Siku zilizobaki zilikuwa nne.

Jioni ya kwanza niliuimba wimbo wote nikiwa peke yangu, nimesimama, nimevaa viatu vya Jumapili, bila kukatiza hata nilipokosea. Jioni ya pili nilimwimbia mke wangu na watoto. Jioni ya tatu niliwaita majirani uani. Kadhalika nilijizoeza kuanzia ubeti wowote, ili nikipotea nijue pa kuingilia. Mkulima hangoji mvua inyeshe ndipo anoe jembe. Na vidole navyo havina budi kuijua kazi kabla ya hofu kufika.

Siku yenyewe nilivuta pumzi polepole na kuitoa polepole zaidi, kwa maana pumzi itokayo kwa utaratibu huutuliza moyo. Tena nilijiambia kwamba nina hamu ya kuimba. Hilo si neno la kujidanganya. Mwaka 2014 Alison Wood Brooks wa Chuo Kikuu cha Harvard alichapisha utafiti ulioonyesha kwamba watu waliojiambia wamesisimka kabla ya kuimba mbele ya wengine waliimba kwa usahihi kuliko waliojiambia wana wasiwasi.

Hata hivyo mikono ilitetemeka ubeti wa kwanza wote. Ndipo nikamtazama yule mama, nikaona midomo yake ikiyafuata maneno pamoja nami. Tangu hapo sikuwa na nafasi ya kuwaza jinsi watu wanavyoniona. Hofu ilikuwapo, lakini haikupata mtu wa kuzungumza naye. Naamini hiyo ndiyo siri yote: hofu hunenepa pale mwimbaji anapojifikiria nafsi yake, na hukonda pale anapomfikiria yule anayemwimbia.

Basi wewe mzazi ambaye mtoto wako ataimba peke yake katika Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927 na kuwatetemesha wengi tangu hapo, usimwambie tu, "Usiogope." Neno hilo halijapata kumsaidia mtu. Weka kazi chini jioni moja, kaa kitini, umwambie akuimbie wewe, tangu mwanzo hata mwisho. Nawe usimkatize.