Kihamba Kinapojaa Watu

Ukiiacha barabara kuu pale Himo ukashika njia ya kupanda Marangu, hewa inabadilika kabla macho hayajazoea. Joto la tambarare linabaki chini na mashamba ya mahindi yanaisha. Punde migomba inaanza kubana barabara huku na huku. Juma la mwisho kabla ya Krismasi njia hii haipumui. Noah za abiria zinapanda zimejaa hadi mlangoni, magari madogo kutoka Dar es Salaam yamefungwa magodoro juu ya paa, na pale Marangu Mtoni watu wanateremka na mabegi, mifuko ya mchele na watoto waliolala mabegani. Wazee walioketi mbele ya maduka wanawatazama mmoja mmoja. Hawaulizi jina lako, wanauliza baba yako ni nani.

Watanzania wengine wana utani wao, kwamba Desemba Wachagga, wenyeji wa huku, wanarudi kwao kuhesabiwa. Mimi nimeolewa huku kutoka Korogwe, na naweza kusema hesabu hiyo ipo kweli. Mama mkwe wangu halali mpaka ajue nani amefika na nani bado yuko njiani, Same.

Safari yenyewe ni ya kilometa kama 550 kutoka Dar, na mwezi huo viti huisha mapema. LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, hutoa vibali vya muda kwa mabasi ya ziada, na bado kituo cha mabasi cha Mbezi, Dar, hufurika. Tangu treni ya Moshi irudi Desemba 2019, baada ya miaka zaidi ya ishirini bila abiria, wapo wanaoipenda kwa sababu watoto wanaweza kusimama na kutembea. Sisi tulikuja kwa basi. Korogwe, kwetu, niliipungia mkono dirishani.

Kihamba cha wakwe zangu, yaani shamba la ukoo linalozunguka nyumba, hakifiki hata ekari moja, lakini ukiingia ndani unahisi umeingia msituni. Juu kabisa ni miti ya miringaringa na migrevilea, chini yake migomba, chini ya migomba mibuni ya kahawa, na chini ya kahawa magimbi na maharage. Mfereji unapita ukingoni, umechepushwa kutoka kijito cha mlimani, na maji yake yana zamu ambayo majirani wanaiheshimu. Nyuma ya nyumba kuna zizi la ng'ombe wawili ambao hawatoki kuchunga. Wanaletewa kila kitu: vipande vya mgomba, majani ya mahindi, nyasi zilizokatwa tambarare. Sisi tukiwa mjini, siku nyingi anayeleta ni mama mkwe, mwanamke wa zaidi ya miaka sabini, kwa kichwa chake. Ndiyo maana siku ya kwanza mume wangu na ndugu zake huvua viatu vya mjini, wakachukua mapanga na kwenda kukata nyasi, kabla hata ya chai. Mama huwasimamia kwa kidole. Hiyo ndiyo raha yake ya kwanza ya sikukuu, na nadhani ndiyo kubwa kuliko zote.

Mbege, pombe ya ndizi na ulezi, haiandaliwi siku moja, kwa hiyo tulipofika kazi ilishaanza. Ndizi ng'ombe zilizoiva zilikuwa zimemenywa na kuchemshwa kwenye pipa mpaka zikageuka rangi ya udongo mwekundu, kisha zikaachwa zichachuke. Mimi nilipewa kazi ya ulezi. Ulezi huloweshwa ukaota, ukaanikwa, ukasagwa. Unga wake unapikwa uji mzito, na uji ukishapoa unachanganywa na maji ya ndizi yaliyochujwa. Magome ya mti wa msesewe huchemshwa pembeni ili kuongeza uchungu. Mama alichovya kata, akaonja, akatema kidogo pembeni, akaongeza maji ya msesewe, akaonja tena. Hana kipimo kingine zaidi ya ulimi. Nilimuuliza anajuaje kwamba imetosha. "Mwanangu, ikikuuma nyuma ya ulimi, acha," akasema. Asubuhi ya pili povu lilikuwa limepanda hadi ukingoni, na kata ya kwanza ikapelekwa kwa baba mdogo, aliye mkubwa wa ukoo sasa baada ya baba mkwe kufariki. Alimwaga matone kidogo chini, kisha akanywa.

Mbuzi alichinjwa tarehe 24 jioni, mgombani, kazi ya wanaume. Nyama hukatwa juu ya majani ya mgomba na kila kipande kina mwenyewe. Kidari kilikwenda kwa baba mdogo. Damu ilihifadhiwa kwa kisusio, supu ambayo sijaizoea lakini wanangu wanaigombania. Sisi wanawake tulikuwa jikoni kwa kuni, nyumba ndogo iliyo peke yake, moshi ukitoka chini ya bati. Sufuria moja ya machalari, ndizi zilizopikwa na nyama, moja ya mtori, supu nzito ya ndizi, na moja ya kiburu, ndizi na maharage, kwa ajili ya shangazi asiyekula nyama. Ndizi za mtori lazima ziwe mshare, ziive mpaka zilegee, ndipo unaziponda kwa mwiko ukizungusha upande mmoja. Wifi yangu mkubwa aliponda huku akisimulia habari za mwaka mzima, nani ameuguliwa, nani amejenga, nani hajaonekana. Wanawake wanane jikoni, na kila mmoja alikuwa na kisu.

Asubuhi ya Krismasi tarumbeta za usharika zilisikika ng'ambo ya bonde kabla hakujapambazuka vizuri. Wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893, na upande huu Ulutheri umekaa kama jiwe la msingi. Ibada ilikuwa ndefu na kanisa lilijaa hadi nje. Baada yake ukafanyika mnada wa sadaka: mikungu ya ndizi, majogoo, trei za mayai, vibuyu vya maziwa. Kijana mmoja kutoka Mwanza alinunua jogoo, akamkabidhi bibi mmoja aliyekuwa ameketi peke yake benchi la nyuma. Bibi akasimama, akasema "aika", asante kwa Kichagga, mara nyingi, na kanisa zima likapiga makofi.

Lakini kwangu Krismasi ya Marangu ni tarehe 27, siku ya kikao. Watu wakishakula na kunywa, wakishazuru makaburi yaliyo ndani ya kihamba na kuyapalilia, ndipo viti vinapangwa uani. Kila kilichoahirishwa mwaka mzima kwa simu kinasubiri hapo: ada za watoto, deni la hospitali ya mama, paa linalovuja, na nani atamlipa kijana anayekama ng'ombe.

Safari hii kulikuwa na jambo zito zaidi. Kwa mila ya hapa, mtoto wa kwanza wa kiume na wa mwisho ndio wanaotazamwa kwenye kihamba; wa kati hutafuta mbele, na binti huhesabiwa kwa mumewe. Wifi yangu wa tatu ndoa yake ilivunjika. Amepanga chumba Moshi mjini, na kila Jumamosi anapanda kumkatia mama nyasi. Alisimama akashika mikono yake.

"Baba mdogo, sina mahali. Naomba pa kujenga chumba na pa kuzikwa."

Kimya kilikuwa kirefu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inamtambua mwanamke sawa na mwanamume, lakini uani pale sheria hiyo haikutajwa na mtu. Aliyesema ni kitinda mimba, ambaye kwa mila nyumba ile ni yake. Alisema anayemlisha mama ndiye mwenye haki ya kukaa karibu na mama, na kama eneo litapungua, lipunguzwe kwenye fungu lake. Kaka mkubwa alitaka shauri lilale mpaka mwakani. Mama, aliyekuwa kimya muda wote, akasema yeye mwakani hana uhakika nako.

Moyo wangu ulikuwa unadunda. Mkwe wa kike hasemi kwenye kikao mpaka aulizwe, na sikuulizwa, lakini ningeulizwa ningemuunga mkono wifi yangu kwa sauti.

Baba mdogo akauliza kama kuna anayepinga. Kaka mkubwa akatazama chini, kisha akatikisa kichwa. Asubuhi yake mwenyekiti wa kitongoji aliitwa pamoja na majirani wawili. Walipima kwa hatua kutoka mfereji hadi mringaringa wa pili, na makubaliano yakaandikwa kwenye karatasi, kila mtu akasaini, mama akaweka dole gumba. Ndugu watatu wakakata vipande vya masale, mmea wa kuwekea mipaka, na kuvipanda kwenye mpaka mpya, wifi yangu akivishindilia udongo kwa mguu. Karatasi moja ilibaki kwa mwenyekiti, ya pili wifi yangu akaikunja mwenyewe na kuiweka kwenye mkoba wake, na matofali ataanza kununua Februari.