Nambari Iliyodhaniwa Kuwa Tasa

Istilahi "nambari tasa" imezoeleka madarasani. Ni nambari isiyogawika bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe, mathalani 7 au 13. Walioiunda waliazima neno kutoka katika uzazi, lakini waliliazima kichwa chini miguu juu. 7 ikizidishwa kwa 13 huzaa 91; kumbe nambari tasa ndizo zizaazo nyingine zote. Kinachozipungukia si wana bali wazazi. Huenda "yatima" lingekaribia zaidi, ijapokuwa hata yatima alizaliwa.

Kosa hilo la uzazi linadhihirika katika kisa cha nambari moja. Mnamo mwaka wa 1644, mtawa Mfaransa Marin Mersenne alichapisha orodha ya nambari alizozidai kuwa tasa. Mojawapo hupatikana kwa kuzidisha 2 sitini na saba pamoja, kisha kutoa 1: 147,573,952,589,676,412,927. Mersenne hakutoa uthibitisho, na nani angethubutu kuzikagua tarakimu 21 kwa kalamu? Neno lake lilisimama kwa miaka 232.

Mwaka wa 1876, Mfaransa mwingine, Édouard Lucas, alithibitisha kwamba nambari hiyo si tasa. La ajabu ni kwamba hakutaja hata kigawo kimoja. Mbinu yake ilionyesha tu kuwa nambari ina wazazi. Majina yao haikuyafichua. Hali ikabaki hivyo: ukoo umethibitishwa, wazee hawajulikani.

Aliyewatafuta ni Frank Nelson Cole, profesa wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Hakuanza gizani. Ilifahamika tayari kwamba kigawo chochote cha nambari hiyo sharti kigawike kwa 134 na kubakisha 1. Hata hivyo, waliosalia kuchunguzwa walikuwa umati.

Tarehe 31 Oktoba 1903, katika mkutano wa Chama cha Wanahisabati cha Marekani, Cole aliitwa kuwasilisha makala yake. Inasimuliwa kwamba aliuendea ubao kimya, akakokotoa 2 hadi ya sitini na saba, akatoa 1. Akahamia upande mwingine wa ubao, akaandika:

193,707,721 × 761,838,257,287

Akazidisha safu kwa safu, kwa mkono. Majibu mawili yakalingana. Akarejea kitini bila kutamka neno, na ukumbi ukapiga makofi.

Mwanahisabati E. T. Bell aliandika baadaye kwamba alimwuliza Cole kazi hiyo ilimgharimu muda gani, naye akajibu: Jumapili za miaka mitatu. Kompyuta ya leo huimaliza kabla mtu hajapepesa jicho. Wazazi wale wawili, kwa upande wao, ni tasa kwelikweli. Hawana wa kuwazaa.