Mpagazi wa Barabara ya Kenyatta



Nawasimulia wasomaji habari za siku mbili tulizotembea Nairobi, mimi na wenzangu wawili wa ofisini. Tulikuwa tumepelekwa huko kutoka Dar es Salaam kwa majuma mawili kujifunza namna mpya ya kutunza hesabu, na kazi ilikuwa nyingi hata mji hatukuuona ila kwa dirisha la basi. Juma la kwanza lilipokwisha tukapata Jumamosi na Jumapili zetu wenyewe.

Mwenzetu mmoja ni mtunza fedha, ambaye sisi humwita Mzee kwa heshima. Wa pili ni binti aliyeajiriwa karibuni, naye alikuwa ameandika katika kijitabu chake kila mahali alipotaka kupaona. Twiga wa Lang'ata walikuwa juu kabisa. Mimi nilikuwa na haja moja tu, lakini sikuisema mapema, maana niliona haya.

Jumamosi asubuhi tulipanda Jumba la Mikutano la Kenyatta, lililoanza kujengwa mwaka 1967 na kumalizika mwaka 1973, lenye ghorofa 28. Juu kule upepo ulivuma hata Mzee akavua kofia yake na kuikumbatia kama mtoto. Tuliona mbuga ya wanyama iliyotengwa mwaka 1946, na upande wa magharibi milima ya Ngong. Tuliposhuka tukaingia hotelini kunywa chai. Nikamwambia kijana wa pale, "Samahani ndugu yangu, naomba chai." Akacheka, akasema, "Nyinyi ni wa Tanzania." Hatukujua tumetambuliwaje kabla hatujataja kwetu. Wateja wa meza ya pili walisema "lete chai" basi, nao wakaletewa kwanza.

Hapo ndipo nikaitoa haja yangu. Nikawaambia kwamba baba wa babu yangu alichukuliwa kwetu, chini ya milima ya Uluguru, mwaka 1917, akawabebee Waingereza mizigo katika vita, wala hakurudi. Dar es Salaam kila siku nikienda kazini naipita sanamu ya askari iliyowekwa mwaka 1927. Juu ya jiwe lile amesimama askari peke yake na bunduki yake. Lakini nimesikia kwamba sanamu ya Nairobi, iliyowekwa mwaka 1928, ina watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi.

Mzee akasema, "Kwa nini hukusema tangu jana? Twende."

Tukaenda Barabara ya Kenyatta, ambayo zamani ikiitwa Delamere. Watu walikuwa wakipita kwa haraka, wengine wameegemea pale wakisubiri wenzao. Nao wale watatu wamesimama juu yao: askari wa Keya, mpiga bunduki wa Kiarabu, na mpagazi. Amesimama sawa nao, si nyuma yao. Nilimtazama kwa muda mrefu. Wapagazi waliokufa katika vita vile ni zaidi ya 40,000 kwa hesabu zilizoandikwa tu, na walioangushwa na maradhi na njaa walikuwa wengi kuliko waliopigwa risasi. Mijini walituachia neno Kariakoo, nalo latokana na jina la Kiingereza la kikosi chao. Hata Nairobi wana Kariokor yao. Lakini ni wangapi tununuao ndizi pale na kukumbuka?

Mzee akayasoma kwa sauti maandishi ya Kiswahili yaliyo chini. Yanaahidi kwamba watoto watalikumbuka jina la yule aliyekufa. Binti akaniuliza kwa upole, "Kaka, jina lake aliitwa nani?"

Ndugu wasomaji, sikuwa na jibu. Nyumbani bibi alimtaja kwa neno moja tu, Mpagazi, nami tangu utoto sikuuliza zaidi. Nimetunza majina ya wadeni wa ofisi kwa miaka mingi, nisijue jina la mtu wa damu yangu.

Jumapili tulipanda matatu ya njia ya Ngong. Njiani tukateremka kwenye makaburi ya vita, mahali penye nyasi zilizokatwa vizuri na utulivu mkubwa. Yako makaburi karibu 2,000, lakini ni ya vita vya pili. Nilipita safu kwa safu nikisoma majina ya Waingereza na ya Waafrika, kila jiwe na mtu wake. Wenzangu walinifuata bila kusema neno.

Tukaendelea hadi Karen, kwenye nyumba iliyojengwa mwaka 1912 na kukaliwa na Karen Blixen, yule mwandishi wa Denmark. Tangu mwaka 1986 ni nyumba ya makumbusho. Mzee, ambaye ana mibuni kwao Machame, hakujali sana viti na vitabu. Alitaka kujua habari za shamba. Alipoambiwa kwamba kahawa haikustawi kwa kuwa mahali pale ni juu mno na baridi, na kwamba bibi yule aliondoka mwaka 1931, alitikisa kichwa, akasema mkulima yeyote wa kwao angalimwambia bure.

Nikakaa chini ya mti nikampigia simu shangazi, aliye mkubwa kuliko wote waliobaki kwetu. Alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Mwanangu, hakuna aliyeniuliza neno hili tangu mama afe." Akanitajia jina. Lakini akaongeza kwamba huenda lilikuwa la ndugu yake aliyebaki, na kwamba yuko mzee mmoja mlimani anayejua, tukamwulize kabla naye hajaondoka. Kwa hiyo silitaji hapa.

Twiga tuliwafikia jioni. Mahali pale palianzishwa mwaka 1979 ili kuwaokoa twiga wa Rothschild waliokuwa karibu kwisha. Mtu hupanda jukwaani akawapa chakula kwa mkono, nao huutoa ulimi mrefu, mweusi, wenye mate mengi. Binti alipiga kelele kwa furaha, nasi tukacheka hata machozi. Nikamwazima kijitabu chake, na chini ya neno twiga nikaliandika lile jina pamoja na alama ya kuuliza. Mwezi wa Desemba, nikipata likizo, nitapanda Uluguru.