Vioo Vyeusi: Tunajikinga na Jua au na Watu?

Mwaka jana nilibandika tinti nyeusi kwenye vioo vya kigari changu, Toyota Vitz ambayo imenihudumia kwa uaminifu tangu nilipomaliza shahada ya uzamivu. Miezi mitatu baadaye niliibandua. Kati ya siku hizo mbili nilijifunza jambo ambalo sikulipata katika vitabu vya nadharia za siasa ninavyovifundisha, na ndilo ninalotaka tulitafakari leo, ndugu msomaji.

Sababu yangu ya kwanza ilikuwa halali kabisa. Anayeijua Dar es Salaam ya mwezi Februari anajua hali ya gari lililoegeshwa juani tangu asubuhi: usukani haushikiki, viti vinachoma, na hewa iliyomo ni ya tanuri. Injini ya kigari changu ni ya lita moja tu. Kiyoyozi kikiwashwa kwenye kilima, gari zima hulalamika. Nikaenda kwa fundi kutafuta kivuli.

Fundi alinionyesha karatasi kadhaa, kisha akanichagulia mwenyewe. "Mzee, chukua hii ya asilimia tano. Ukiwa ndani unamwona kila mtu, wewe hakuna anayekuona. Na kioo cha mbele tuweke nyepesi kidogo, gari liwe na rangi moja." Nilimwitikia haraka kuliko ilivyostahili. Nakiri kwamba maneno yale yalinigusa mahali ambapo jua halifiki. Nilifikiria kituo cha daladala ninachokipita kila jioni, na wenzangu wa kazini wanaosimama pale wakinyoosha shingo. Nilifikiria vijana wanaofuta vioo kwenye taa za barabarani. Kwa fedha ile nilikuwa nanunua pia ruhusa ya kuwapita bila kusalimiana.

Wiki za mwanzo nilistarehe. Kisha ikaja jioni moja ya masika, mawingu yameshusha giza kabla ya wakati wake. Nilisimama kwenye kivuko cha watembea kwa miguu ambapo wanafunzi wawili wa shule ya msingi walikuwa wakisubiri, mkubwa amemshika mdogo mkono. Niliwapungia wavuke. Hawakuvuka. Nikapunga tena. Walikitazama kioo changu kama mtu anavyotazama ukuta. Nikaamua kwamba wamenipisha, nikaachia breki. Sekunde ileile yule mkubwa naye akaamua kwamba nimewapisha, akapiga hatua.

Gari lilisimama kiasi cha hatua moja kutoka kwao. Yule mdogo alikimbia akaacha ndala moja katikati ya barabara. Nikashuka, nikaiokota, nikampelekea huku magoti yakinitetemeka. Mkubwa wake akaniambia kwa sauti ndogo, "Shikamoo. Hatukukuona."

Hakusema "hatukuliona gari". Gari waliliona vizuri. Asiyeonekana alikuwa mimi.

Kesho yake nilimpa lifti mwenzangu wa idarani, mwanamke mwenye ualbino. Alipoingia tu akauliza, "Dokta, giza lote hili la nini?" Nikamtajia jua. Akacheka. Yeye, ambaye kwake jua ni suala la afya na uhai, amebandika kwenye gari lake karatasi inayokaribia kuwa nyeupe. Alinieleza kwa subira jambo ambalo fundi hakunieleza: weusi wa kioo ni kitu kimoja, na uwezo wa kuzuia jua ni kitu kingine.

Tulipofika aliendelea kunieleza, nami nikaenda kusoma zaidi. Takribani nusu ya nishati ya jua inayotufikia husafiri katika mionzi ya infraredi, ambayo jicho haliioni. Ile inayodhuru zaidi ngozi, yaani mionzi ya urujuanimno, nayo haionekani. Kwa hiyo karatasi nyeusi ya bei nafuu, iliyotiwa rangi tu, inaweza kuzuia macho ya watu na kuruhusu sehemu kubwa ya joto lipite. Karatasi ya kauri, yenye chembechembe zinazozuia infraredi, inaweza kuwa angavu na bado ikapunguza joto kuliko ile nyeusi. Karatasi nzuri, hata isiyo na rangi, huzuia karibu mionzi yote ya urujuanimno.

Kuna na hesabu ndogo ambayo wanunuzi wengi huisahau. Asilimia inayotajwa ni ya mwanga unaopita. Namba ikipungua, giza linaongezeka. Lakini kioo chenyewe nacho hupunguza mwanga. Kioo kinachopitisha asilimia 80 kikibandikwa karatasi ya asilimia 50, kinachobaki ni asilimia 40. Vioo vya nyuma vya magari mengi yanayotoka Japani huwa vimetiwa giza kiwandani. Kioo cha asilimia 20 kikiongezwa karatasi ya asilimia 20, unabaki na asilimia 4. Ukirudi nyuma usiku kwa kioo cha namna hiyo, unaendesha kwa kukisia. Hukohuko Japani, vioo vya milango ya mbele vinatakiwa kupitisha angalau asilimia 70, na Uingereza vivyo hivyo. Watunga kanuni hizo walijua kwamba dereva anapaswa kuona na kuonekana.

Niliporudi kwa fundi kubandua, nilipata somo la mwisho. Alikwangua gundi ya kioo cha nyuma kwa wembe, akakata mistari miwili ya zile nyaya nyembamba za kuondoa ukungu. Gundi hulainishwa kwa mvuke au joto, kisha karatasi huvutwa polepole. Wembe haupaswi kugusa nyaya hizo. Safari hii nilichagua karatasi ya kauri ya asilimia 70 kwa vioo vya pembeni, na kioo kikubwa cha mbele nikakiacha kama kilivyotoka kiwandani.

Matunzo yake hayana ugumu. Usishushe vioo kwa siku kadhaa za mwanzo, hadi gundi ishike. Ukiona ukungu au vitone vya maji chini ya karatasi, usivitoboe, hukauka vyenyewe. Lakini mapovu yanayotokea baada ya miezi ni dalili ya karatasi duni au kazi mbaya, kama ilivyo rangi nyeusi inayogeuka zambarau. Osha kwa maji yenye sabuni laini na kitambaa laini. Dawa za vioo zenye amonia huharibu karatasi nyingi. Na usibandike stika juu yake, kwa maana siku ya kuitoa itaondoka na karatasi.

Sasa nirejee kwenye kivuko. Barabara zetu hazina taa kila mahali wala askari kila makutano. Kinachotuvusha, mara nyingi, ni macho: mtembea kwa miguu humtafuta dereva, dereva hutikisa kichwa, mkono huinuliwa, kila mmoja anapita salama. Ni mapatano ya nusu sekunde kati ya mwenye nguvu na asiye nazo. Mwenye kioo cheusi hubaki na nguvu zake zote, akajitoa kwenye mapatano.

Nani atashangaa kwamba tumejifunza tabia hii kutoka juu? Kwetu kioo cheusi ni nembo ya cheo kabla ya kuwa kinga ya jua. Wapo viongozi ambao usalama wao unadai hivyo, nami sibishani na hilo. Lakini wananchi wanapoliona gari lenye vioo vyeusi limeegeshwa mtaani usiku, hawawazi habari za joto. Huwaita watoto ndani. Mwaka 2012 Mahakama ya Juu ya India ilipiga marufuku ubandikaji wa karatasi hizi kwenye magari, ikitaja uhalifu uliofichwa nyuma yake. Sidai tuige marufuku hiyo. Mwenzangu wa idarani anahitaji karatasi yake. Ninachodai ni kwamba anayetaka kutuona sisi sote bila yeye kuonekana atueleze sababu, awe ni waziri katika msafara au mhadhiri ndani ya Vitz.

Kigari changu sasa kina joto kidogo kuliko ninavyopenda. Jioni, pale kituoni, wenzangu wananiona tangu mbali, nami sina pa kujificha. Mara nyingi nasimama. Viti vitatu vya nyuma hujaa haraka.