Katibu wa Mwani

Kijiji chetu cha Mlingotini hakijawahi kukosa mradi. Ukitoka Bagamoyo mjini kwa upande wa pwani, ukapita Kaole na magofu yake, unafika Mbegani, kwenye chuo cha uvuvi ambacho serikali ya Norwei ilikigharamia kwa miaka mingi. Sisi wa Mlingotini tuko ng'ambo ya ghuba ya hapo. Na Mbegani hapo hapo ndipo ilipopangwa bandari kubwa, ile iliyotiwa saini Machi 2013 Rais Xi Jinping wa China alipozuru Dar es Salaam, kisha Oktoba 2015 Rais Kikwete akaiwekea jiwe la msingi. Dola bilioni 10, tuliambiwa. Mwaka 2019 Rais Magufuli akayakataa masharti yake hadharani, na miaka yote hiyo watu wa huku walikuwa wakiulizana kama wajenge au wangoje. Hayo ni ya wakubwa. Mimi nina la kusema juu ya fedha ndogo, zile zinazoingia kijijini bila kutangazwa redioni na kugeuka kuwa mifuko ya saruji, bati au kamba. Hizo nimezibeba kichwani nikiwa mtoto, na ukubwani nikaziomba kwa kalamu yangu.

Nilikuwa shule ya msingi serikali ilipofuta ada. Ilikuwa 2001, na mwaka uliofuata ukaanza ule Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM. Watoto wakafurika mpaka tukakaa chini. Fedha za kujengea madarasa zililetwa kwenye akaunti za shule, na kamati ya shule, yaani wazazi wetu wenyewe, ndiyo iliyonunua saruji na bati na kumtafuta fundi. Kilichobaki kilikuwa nguvu za wananchi: mawe, maji na mchanga. Balozi wa nyumba kumi alisimama pembeni na daftari lililovimba kwa unyevunyevu, akitia alama kila kaya iliyoleta ndoo zake.

Fundi alikuwa mzee mkali. Mchanga ukimwagwa, alichota kidogo akaugusa kwa ncha ya ulimi. Ukiwa na chumvi, hakuuliza umeletwa na nani. "Huu wa pwani. Rudisheni." Nasi tuliokuwa tumejifanya wajanja, tukauchota pale chini ufukweni badala ya kwenda bondeni, tulijitwika ndoo upya huku mama zetu wakitucheka. Kila mtu alijua kwa nini: saruji iliyochanganywa na mchanga wa bahari haikai, na bati na saruji ndivyo vitu pekee ambavyo mikono yetu haikuweza kuvitengeneza. Visingeletwa mara ya pili.

TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, ulioanzishwa mwaka 2000, nao ulikwenda kwa utaratibu wa aina moja na huo. Mkutano mkuu wa kijiji unachagua jambo, kamati inachaguliwa, akaunti inafunguliwa, wananchi wanatoa sehemu yao. Nisiipambe mikutano hiyo. Wanaume walikaa mbele, wanawake pembeni, na aliyekuwa na sauti nene alikuwa na hoja nzuri. Wapo waliotoroka zamu ya mchanga kila mara, na wapo walioumwa kila Jumamosi. Lakini mgongano ulikuwa wa wazi. Kama kisima kilishindwa na zahanati, kilishindwa mbele ya watu, na aliyeshindwa alijua ni nani wa kumlaumu.

Baadaye sana nilisoma kwamba jiji la Seattle, Marekani, lina mfuko wa namna hiyo tangu 1988: wakazi wa mtaa wakitaka kupanda miti au kutengeneza uwanja wa watoto, jiji linatoa fedha nao wanatoa kazi yao, na saa za kujitolea zinahesabiwa kama mchango wenye thamani. Nilifurahi kusikia. Wazee wetu wangeshangaa tu kwamba kuna mahali jambo hilo lilihitaji kubuniwa.

Mabadiliko yaliingia kwa mlango wa mwani. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, baada ya Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuutafiti kwa muda mrefu, na miaka ya 1990 kikavuka kuja pwani ya bara. Mama yangu alikuwa miongoni mwa waliokipokea. Bamvua likija na maji kutoka, walishuka na kamba, wakachomeka mambo, yaani vigingi, mchangani, wakafunga vipande vya mbegu kwa vikamba vya tai-tai, wakarudi kabla bahari haijajaa. Mambo walikata wenyewe. Mbegu walipeana. Kamba na tai-tai alileta mnunuzi, na kwa kuwa aliyeleta kamba ndiye aliyenunua mwani, bei alipanga yeye.

Mwani tunaolima ni wa aina mbili, spinosamu na kotonii. Kotonii ndiyo yenye bei, na ndiyo iliyoanza kufa. Maji ya kina kifupi yalipata joto, matawi yakageuka meupe, yakalainika na kukatika mkononi. Mama alirudi na kapu tupu akalitupa uani bila neno. Dk. Flower Msuya wa Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Zanzibar na wenzake wakaja na majaribio ya kamba zinazoelea: ukiipeleka kotonii kwenye maji ya kina, ukaifunga kwenye kamba zenye maboya, inapona. Jambo jema. Ila kina hakifikiki kwa miguu. Kinataka mashua.

Hapo ndipo vikundi vilipoota, Msichoke na vingine. Kulikuwa na mipango ya pwani ya Chuo Kikuu cha Rhode Island pamoja na wenzao wa TCMP, ushirika wa usimamizi wa pwani wa Tanzania, iliyoshughulika na mwani na ufugaji wa mwatiko kwenye mabwawa. Kulikuwa na Mpango wa Ruzuku Ndogo wa GEF, mfuko wa mazingira wa dunia, uliosimamiwa na UNDP, ambao uliwapa fedha moja kwa moja wanavijiji waliojikusanya, ruzuku moja ya kawaida wakati huo ikiwa na ukomo wa dola 50,000. Na walikuwapo wengine wadogo zaidi, waliokuja na gari moja na bango moja. Wote walitaka kikundi, si kijiji. Na kikundi kilitakiwa kiwe na katiba, usajili wa halmashauri, akaunti ya benki, mhuri, mihutasari ya vikao na, kubwa kuliko yote, andiko la mradi.

Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nipo nyumbani, mwandiko wangu unasomeka. Nikafanywa katibu wa kikundi cha akina mama zangu.

Nakumbuka kikao cha kwanza cha kuandika, barazani kwa mwenyekiti, mwani umeanikwa juu ya chanja mpaka mlangoni. Nilisoma fomu kwa sauti: lengo kuu, malengo mahsusi, matokeo tarajiwa, masuala ya jinsia, uendelevu. Mwenyekiti alinisikiliza mpaka mwisho, mikono yake ikiendelea kufungua tai-tai za kamba kuukuu.

"Mwanangu, umemaliza?"

"Nimemaliza, Bi Mkubwa."

"Haya, andika mashua."

Mahali pa kuandika mashua hapakuwapo. Nikaitafutia nafasi kwenye bajeti, chini ya "vitendea kazi", na juu yake nikaweka semina ya kujengea wanachama uwezo, kwa sababu afisa mmoja alininong'oneza kwamba andiko lisilo na semina halipiti. Likapita. Semina ikafanyika, na wawezeshaji, na soda, na posho, na fulana. Mashua ilikuja mwisho, ndogo kuliko tuliyoomba.

Tangu siku ile heshima yangu ikapanda kwa namna isiyonipendeza sana. Mama wa jirani, ambaye mimi ndiye wa kumpa shikamoo, akawa ananiwahi: "Katibu, umeamkaje?" Vikundi vingine vikaniita niwaandikie. Zamani mchango wetu ulikuwa mchanga, na mchanga kila mtu anaweza kuubeba, hata mtoto, hata asiyejua kusoma. Sasa mchango ulikuwa karatasi, na karatasi niliibeba mimi na wachache waliosoma kama mimi. Mwanamke aliyelima mwani tangu kamba ya kwanza alipiga dole gumba chini ya maneno ambayo hakuyasema. Kilichomfanya aamini ni kwamba alimjua mama yangu.

Wako wanaosema ruzuku za vikundi zimeua umoja wa kijiji. Sikubaliani nao. Kwenye mkutano wa kijiji mama yangu alikaa pembeni. Kwenye kikundi alikuwa mweka hazina, na kisanduku chenye kufuli tatu kilikaa uvunguni mwa kitanda chake, na baba hakukigusa. Mashua nayo ilileta mambo yake. Wengi wao hawakujua kuogelea, kwa hiyo ikabidi aajiriwe kijana wa kuiendesha, na kijana akataka fungu lake, na fungu lake likawa linakua. Ndipo baadhi yao, watu wazima wenye wajukuu, wakaanza kushuka majini jioni, kanga zimekazwa kiunoni, wamekumbatia madumu matupu ya mafuta ya kula, wanajifunza kuelea. Hakuna andiko lililoahidi hilo, na hakuna ripoti niliyoiandika iliyokuwa na safu ya kuliweka.

Ninachokilalamikia ni kingine. Kijiji kina vitu visivyo vya kikundi chochote: bomba linalovuja, choo cha shule, kivuko kwenye mikoko. Baada ya elimu bila malipo kuanza Januari 2016, michango ya wazazi shuleni ikawekewa vizuizi, kwa sababu za haki kabisa, maana ilikuwa imegeuzwa ada ya mlango wa nyuma. Lakini pamoja na michango ikapotea na ile desturi ya balozi na daftari lake. TASAF nayo, katika awamu yake ya tatu, iliweka uzito kwenye kaya maskini, fedha mkononi mwa mlezi kwa sharti la watoto kwenda shule na kliniki. Jaribio la utaratibu huo lilifanywa mwaka 2010 Chamwino, Kibaha na hapa Bagamoyo. Naukubali kwa moyo wote: ajuza hahitaji katibu ili ale. Halmashauri kwa upande wake ina ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, nne za wanawake, nne za vijana, mbili za watu wenye ulemavu, mikopo isiyo na riba iliyotiwa kwenye sheria mwaka 2018, ikasimamishwa Aprili 2023 kwa sababu ya ubadhirifu, na kurejeshwa mwaka uliofuata. Mkopo hurudishwa, kwa hiyo lazima andiko lioneshe faida. Bomba la kijiji halina faida ya kuonesha. Kwa hiyo linavuja.

Mwaka mmoja akina mama waliamua bila kuniuliza: andiko halitiwi mhuri mpaka lisomwe lote kikaoni, taratibu, na kila neno ambalo hakuna aliyelielewa lifutwe au lielezwe. Kikao cha kwanza cha namna hiyo kilikwenda mpaka adhana ya magharibi. "Uendelevu" ulitoka ikaandikwa nani atatengeneza mashua ikitoboka, na kwa fedha ipi. "Kujengewa uwezo" kulitoka kukaandikwa kuogelea. Nilidhani tutanyimwa. Tulipewa, ingawa pungufu.

Sasa binti wa mwanachama mwenzetu amemaliza kidato cha sita na anaandika kwenye simu, haraka kuliko mimi na daftari langu, nami namwachia kazi kidogo kidogo. Andiko la safari hii limekwisha kusomwa. Limeomba kamba, maboya na mashine ya kusagia mwani mkavu wa kutengenezea sabuni. Mwishoni, baada ya ubishi mrefu kama fedha ya kikundi itatumika kwa wasio wanachama, wameongeza koki mbili za bomba la kijiji.