Chumvi ya ziwa letu

Wamama wenzetu, sisi tunaoshuka Kasenyi na Tchomia kununua samaki tunaona watu wakijaza bidoni ziwani, maji ya kunywa na ya kupikia. Ziwa Albert lina chumvi nyingi zaidi kuliko Ziwa Victoria: mto Semliki huileta kutoka Ziwa Edward. Maji matamu ya Nile huingia kaskazini, karibu na mahali pa kutokea, hupita bila kulisuuza ziwa. Kinachomwagwa kusini kinakaa nasi. Ng'ambo, Uganda wanachimba visima vya petroli huko Kingfisher, na petroli mara nyingi hupanda pamoja na maji ya chumvi. Mpango wao ni kuyarudisha chini ya ardhi. Vema, lakini upande wetu nani anapima? Congo na Uganda wamo pamoja katika Mpango wa Bonde la Nile tangu 1999. Tunaomba vipimo visomwe Kasenyi, kwa Kiswahili, mama wa bidoni akiwepo.