Wa Kwanza Akikosa wa Pili

Mwezi uliopita nilikwenda Makorora, Tanga, kumjulia hali ami yangu. Alasiri tuliketi barazani pamoja na wazee wenzake, birika la kahawa na kisahani cha kashata kati yetu. Kijana wa nyumba ya pili alipita, viatu vya mpira vikining'inia begani. Alipokwisha kutuamkia, ami alimwuliza, "Mjukuu wangu, unamjua Sunday Manara?" Kijana alifikiri kidogo, kisha akajibu kwa adabu, "Babu, ninayemjua ni Haji Manara." Wazee waliangua kicheko. Ami hakucheka.

Haji amejulikana kwa kuzisemea Simba na Yanga kwa nyakati tofauti. Sunday ni baba yake. Mwishoni mwa miaka ya 1970, nyota huyo wa Yanga, aliyepachikwa jina la "Computer", alikwenda Uholanzi kuichezea Heracles ya mji wa Almelo, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza soka ya kulipwa Ulaya. Baadaye alicheza pia New York, Austria na Dubai. Sisi tuliokua tukizunguka kuta za Mkwakwani, sifa zake zilitufikia kwa midomo ya wakubwa, kama hadithi za Abunuwasi.

Ilipita zaidi ya miaka 40 kabla Mbwana Samatta hajawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza, aliposajiliwa na Aston Villa Januari 2020. Machi mosi mwaka huo alifunga bao Wembley, katika fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City. Tulishangilia tena "wa kwanza". Lakini tuitazame njia yake: Mbagala, African Lyon, Simba, kisha TP Mazembe ya Lubumbashi, ndipo Genk ya Ubelgiji. Daraja lake la kufikia Ulaya lilikuwa Kongo.

Wamarekani Weusi wanaijua vizuri historia ya namna hii. Katika mpira wa Kimarekani, ule unaotumia mikono kuliko miguu, Fritz Pollard alitwaa ubingwa na timu ya Akron mwaka 1920, na mwaka 1921 akawa kocha wa kwanza Mweusi wa ligi ile. Baada ya msimu wa 1933 timu ziliwafungia Weusi mlango, hadi Kenny Washington aliposajiliwa na Los Angeles Rams mwaka 1946. Kocha mkuu wa pili Mweusi, Art Shell, alipatikana mwaka 1989. Pollard mwenyewe aliingizwa katika Jumba la Mashujaa wa mchezo huo mwaka 2005, miaka 19 baada ya kufariki.

Kule, mlango ulifungwa kwa ubaguzi. Kwetu hakuna aliyeufunga. Tumeuacha ukaota nyasi.

Nayasema haya kwa sababu ya kilichofuata pale barazani. Kijana alirudi na karatasi. "Dokta, naomba unisomee hii." Ilikuwa barua ya Kiingereza ikimwalika kwenye majaribio ng'ambo. Haikuwa na anwani, haikutaja klabu. Mama yake alikwisha kumpa wakala nusu ya fedha zilizotakiwa, alizokopa kwenye kikoba. Tulipiga namba ya wakala mara tatu, haikupatikana.

Kijana aliniuliza aende wapi. Mimi mwenye shahada ya uzamivu, niliyezoea kuwaelekeza wengine, sikuwa na jibu la haraka. Ami ndiye aliyevunja ukimya: "Manara hakuwa na wa kumtangulia amwulize. Huyu anao waliomtangulia, na bado ameibiwa."

Urithi wa mtangulizi ni ile elimu ya njia: mkataba husomwaje, wakala wa kweli hutambuliwaje, baridi na upweke huvumiliwaje. Elimu hiyo isipoandikwa na kufundishwa, kila kijana wa Makorora ataanza safari kama wa kwanza, na atalipa ada ileile ya ujinga.

Ninyi wanafunzi wangu mnaotafuta mada za tasnifu, watangulizi wetu wangalipo. Nendeni mkawasikilize na kinasa sauti mkononi. Nanyi maofisa michezo, kila mwaka mnawakusanya vijana wenye vipaji katika UMISSETA. Siku moja tu ya mashindano hayo ingetosha kuwafundisha namna ya kusoma mkataba.

Kijana yule aliikunja karatasi yake, akaitia mfukoni, akaokota viatu vyake akaenda mazoezini. Mama yake angali analipa kikoba.